Kurudisha tope shimoni: Bulyanhulu wanajaza, ila tusidanganyane kuhusu mabwawa

Watu wengi wakisikia mgodi wa chini wanawaza mawe yanayotoka tu, hawajiulizi yale mapango yanayobaki huko chini yanaachwaje. Kwenye mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, wanakochimba zaidi ya kilomita moja kwenda chini, wanayajaza. Lile tope lililobaki baada ya kuchenjua dhahabu linapunguzwa maji mpaka liwe kama uji mzito wa lishe, linachanganywa na saruji kidogo (migodi mingi inacheza kwenye asilimia 3 mpaka 7), halafu linashushwa kwa bomba mpaka pangoni ligande huko.

Faida yake kubwa ni nguzo. Bila kujaza inabidi uache nguzo za mwamba zishike paa, na nguzo zenyewe zina dhahabu, ukijaza unarudi unazichukua. Na kadri unavyoshuka ndo mwamba unavyozidi kukandamiza, mchimbaji mdogo anayekata matimba (magogo ya kushikilia kuta) ya duara lake, yaani shimo lake, hili halihitaji kusomea.

Ila kuna wanaosema eti teknolojia hii itatuondolea mabwawa ya topesumu, yale yanayohifadhi tope la mgodini huku juu, wanatukumbusha Brumadinho kule Brazil, Januari 2019, bwawa la mgodi lilipasuka watu 270 wakafa, na hapa kwetu bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui lililopasuka Novemba 2022. Hapo mi nakataa. Mwamba ukishauvunja na kuusaga unafura, haurudi wote kwenye shimo lake, ukijitahidi sana unarudisha kama nusu, hiyo nyingine bado inataka bwawa. Na Mwadui wanachimba shimo la wazi jamani, pango la kujaza watalitoa wapi?

Wanaopinga nao wanaanza na bei, maana saruji ndo inakula hela, na kweli mgodi mdogo hauwezi kujenga mtambo wa hivyo. Hilo la bei silibishii, ila kinachonitisha mimi ni kwamba bajeti ikibana kitu rahisi kupunguza ni hiyo hiyo saruji, huku juu hakuna atakayeona tofauti, atakayeiona ni yule jamaa aliye chini siku pango la jirani linapolipuliwa na tope lisilokomaa likabaki bila cha kulishika. Halafu kuna ukuta unaozuia tope kabla halijaganda. Kwenye mgodi wa Bronzewing, Australia Magharibi, mwaka 2000 ukuta kama huo uliachia, tope likaua watu 3. Watetezi watasema lile lilikuwa tope la majimaji sio hili zito, sawa, ila hata hili zito siku za mwanzo linasukuma ukuta, ndo maana wanajaza kidogo kwanza, wanasubiri ligande, ndo wanaendelea, na kusubiri nako ni uzalishaji umesimama, kwa hiyo presha ya kuharakisha haikosekani.

Mi niko upande wa kujaza, tena kwa mgodi wa kina kile sioni namna nyingine. Ninachotaka ni kitu kimoja, zile sampuli za tope lenye saruji zinazobanwa maabara siku ya 7 na ya 28 kuona zimekomaa kiasi gani, majibu yake mkaguzi wa serikali awe nayo mkononi kabla baruti ya pango la jirani haijapakiwa.