Mbwa naye ana dawa yake ya saa moja

Mara ya kwanza Bosi kuanguka ilikuwa alfajiri, karibu na karo la kufulia. Alikuwa amesimama tu. Akageuza shingo kama anayesikiliza kitu ukutani, miguu yote minne ikakakamaa, akaenda chini kwa ubavu. Akawa anapiga mateke hewani kama anayekimbia, taya zinagongana, povu linamtoka, mkojo nao ukamtoka. Ilichukua kama dakika mbili, ingawa wakati ule ningeapa ni nusu saa. Jirani aliyechungulia juu ya ukuta alitamka neno moja: "Kichaa." Jua halijapanda vizuri, vijana watatu walikuwa getini na mpini wa jembe.

Siwalaumu. Hapa Morogoro, kama kwingine nchini, kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto, na mtu akishaanza kuonyesha dalili zake huwa hakuna cha kumfanyia. Mbwa anayetoa povu anaogopwa, na ni haki aogopwe. Kilichomwokoa Bosi ni kadi ya chanjo, ile tuliyopewa kwenye uwanja wa shule ya msingi wakati wa kampeni ya Septemba, ambayo mama yangu huihifadhi kwenye mfuko mmoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Mama aliipeleka getini kama askari anavyotoa kitambulisho. Tena wakati wanabishana, Bosi mwenyewe aliinuka, akapepesuka, akagonga ndoo, akanywa maji mpaka chombo kikaisha. Baada ya nusu saa alikuwa anatikisa mkia. Mbwa mwenye kichaa harudi hivyo. Dalili zikishaanza anaharibikiwa siku hadi siku, na kwa kawaida siku kumi haziishi kabla hajafa. Mwenye kifafa hupitiwa, kisha hurudi.

Ndiyo, kifafa. Mbwa wanacho, paka pia, ingawa kwa paka ni nadra zaidi.

Daktari wa mifugo tuliyempelekea, mzee mtaratibu asiyependa kuharakishwa, hakuanza na dawa. Aliuliza: "Mnamwogesha na nini?" Nikamwambia sabuni. "Dawa ya kupe ya ng'ombe hamjamwagia?" Hatujamwagia. Akaniambia mbwa wengi wanaoletwa kwake wanatetemeka hawana kifafa, wana sumu: mtu kachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, kakadiria kwa kizibo cha soda, kammwagia mbwa wa kilo kumi. Au mbwa kala chambo cha panya. Akauliza umri. Miaka mitatu. Akatikisa kichwa, maana kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana kwa kawaida huanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 6. Kikianza uzeeni, mtu anaanza kuwaza uvimbe kichwani. Akachukua damu, kisha akatupa kazi moja tu: andikeni. Tarehe, saa, dakika ngapi. Na kama simu iko karibu, rekodini, msimshike mdomo. Mbwa hamezi ulimi wake, ila kidole chako anaweza kukikata bila kujua.

Safari ya pili ya kuanguka ilikuja wiki ya tano, ya tatu siku kumi na tisa baadaye. Hapo ndipo akasema tuanze dawa, na hapo ndipo mjomba wangu, aliyekuwa amenisindikiza, akasema maneno ambayo yamenifanya niandike haya: "Daktari, si umchome tu sindano apone?"

Sentensi ile imebeba kila kitu. Sisi tumezoea kutibu mnyama anayeliwa au anayekamuliwa. Ng'ombe akishikwa na ndigana, anachomwa sindano. Akipona amepona, asipopona mapema kisu kinafanya kazi na familia inapata angalau nyama. Hakuna mfugaji atakayempa ng'ombe vidonge asubuhi na jioni miaka sita. Hesabu haikubali, na simwoni kuwa mkatili. Elimu yetu ya mifugo, maduka yetu ya dawa za mifugo na hata lugha yetu vimekaa kwenye hesabu hiyo. Sasa mbwa na paka wanaingia wapi? Hawachinjwi, hawauzwi. Wakipata ugonjwa wa kudumu, wa kifafa, sukari, figo au moyo, wanaangukia kwenye shimo lililo kati ya hospitali ya binadamu na zizi la ng'ombe. Ndani ya shimo hilo watu hufanya mambo mawili tu: wanangoja afe, au wanambebesha sindano za kila aina, antibaiotiki leo, vitamini kesho, wiki ijayo dawa ya minyoo, mpaka mfuko unatoboka na mbwa yuko palepale.

Lakini nani kasema hatujui dawa ya maisha? Mama yangu ana presha mwaka wa kumi na moja huu. Anajua kwamba kidonge chake hakimponyi, kinamshikilia. Anajua siku anayojisikia vizuri ndiyo siku ya kukimeza, siyo ya kukiacha. Nilipomweleza ugonjwa wa Bosi nilikuwa nimejiandaa kwa mhadhara mrefu. Akanikatisha: "Kwa hiyo ni kama mimi." Ikawa imeisha. Mjomba mwenye diploma ilimchukua mwaka mzima.

Dawa yenyewe haina ufahari wowote. Ni fenobabitoni, vidonge vidogo vyeupe vya miligramu 30, ilianza kutumika kwa kifafa cha binadamu mwaka 1912 na mpaka leo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mkoa wetu ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alikuta huko Mahenge watu wenye kifafa wakiishi pembeni ya jamii, wengine wana makovu ya moto kwa kuangukia mafiga, na majirani wakiogopa kuwagusa kwa kuamini ugonjwa unaambukiza kwa mate na povu. Akafungua kliniki, na dawa yake kubwa ikawa hiyohiyo fenobabitoni. Niliposoma habari hiyo nikakumbuka wale vijana watatu getini. Povu lilelile, hofu ileile, na kidonge kilekile.

Najua kuna atakayeudhika kwamba nimeweka mbwa na watu wa Mahenge kwenye aya moja. Sijawalinganisha. Nasema ubongo ukiwaka moto, dawa ya kuutuliza haiulizi una miguu mingapi.

Kuipata ni shughuli nyingine. Ni dawa inayodhibitiwa, lazima uwe na cheti, na sawa iwe hivyo. Ila nenda famasi na cheti kilichoandikwa "mbwa, kilo 22". Famasi ya kwanza dada wa kaunta alimwita mwenzake aje acheke. Ya pili niliambiwa dawa za binadamu haziuzwi kwa ajili ya wanyama. Ya tatu mfamasia alikisoma cheti mara mbili, akampigia daktari palepale, akahesabu vidonge, akaniuliza, "Ameanza lini kuanguka?" Nusura nimkumbatie. Vidonge vya mwezi mzima havifiki bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema kutibu mbwa ugonjwa wa kudumu ni mambo ya wazungu na matajiri, namuuliza: umeshaulizia bei, au umeshaamua?

Kinachouma ni saa. Asubuhi saa moja, jioni saa moja, kila siku, Krismasi, msiba, mvua. Saa zetu za Kiswahili zimetupendelea hapo, maana saa moja na saa moja zimeachana saa kumi na mbili kamili. Kidonge kinaingia ndani ya tonge dogo la ugali lililopakwa mchuzi wa dagaa, na tonge la pili tupu linafuata haraka ili la kwanza lisitafunwe. Wiki mbili za mwanzo Bosi alikuwa kama mlevi: anapepesuka, anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa kila kona, na njaa yake ilikuwa ya kutia aibu. Daktari alikuwa ametuonya. Dawa hii huchukua kama wiki mbili kutulia kwenye damu, na mwili huzoea ule ulevi. Pia ikikaa muda mrefu, ini hujifunza kuivunja haraka zaidi, hivyo dozi iliyotosha Januari inaweza isitoshe Juni. Na kwa kuwa dawa yenyewe inaweza kuliumiza ini, tunalipima kila miezi sita.

Na usiikatishe ghafla. Mwaka jana nilisafiri siku nne, nikamwachia ndugu yangu mmoja maagizo. Siku ya pili akaona mbwa mzima kabisa, anacheza, akaona huruma kumlisha kemikali. Siku ya nne Bosi alianguka mara tatu kati ya usiku wa manane na alfajiri, bila kupata fahamu vizuri katikati. Hiyo ni dharura kwa mbwa yeyote, sawa na safari moja inayopita dakika tano: unakwenda kwa daktari usiku uleule, hungoji kukuche. Alipona. Ndugu yangu bado anasema ni bahati mbaya. Nimeacha kubishana naye, funguo tu ndiyo simwachii tena.

Hapa niseme neno kwa madaktari wetu, kwa heshima. Mwambieni mtu mapema. Siku ya kwanza kabisa mwambieni: hii ni ya maisha, itagharimu hiki kwa mwezi na kile kwa miezi sita, na lengo letu ni aanguke mara chache, hata kama hataacha kabisa. Kwa kifafa cha mbwa, kupunguza safari kwa nusu kunahesabika kuwa mafanikio. Mimi niliambiwa, ndiyo maana Bosi alipoanguka tena mwezi wa tatu wa dawa sikuitupa nikakimbilia kwa mganga. Wengi hawaambiwi. Wanatoka na vidonge vya siku kumi kwenye bahasha ya khaki, vikiisha wanadhani wamemaliza dozi.

Upande wa pili wapo wenzangu wenye mapenzi yaliyokosa breki. Hao huwa hawaendi kwa daktari, wanakwenda kabatini. Mbwa anachechemea kwa uzee, wanampa diklofenaki ya bibi. Tumbo linatoboka vidonda, figo zinakwenda. Paka ana homa, wanampa Panadol. Jamani, paka! Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha parasetamoli kama letu. Damu yake inageuka rangi ya kahawia, inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za kijivu, uso na miguu vinavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Rafiki yangu mmoja alimpoteza paka wake wa miaka tisa hivyo, na alikuwa amekisagia kwenye maziwa kwa mikono ya upendo kabisa. Ninaposema dawa za binadamu zinaweza kumtibu mnyama, ninasema baadhi, kwa dozi ya daktari, kwa mnyama huyo. Hata hesabu ya Bosi siiandiki hapa, kwa sababu najua kuna mtu ataichukua.

Kuna mitego midogo pia ambayo huijui mpaka ikunase. Kupe, kwa mfano. Huku kwetu huwezi kuwaacha, wanaleta homa inayoweza kumkausha mbwa damu polepole. Vidonge vipya vya kupe, vile vya kutafuna vinavyokaa mwezi au zaidi, vinafanya kazi ajabu, lakini mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba jamii hiyo ya dawa inaweza kuleta mitetemeko na degedege kwa baadhi ya mbwa. Kwa mbwa wa kawaida hatari ni ndogo. Kwa Bosi, daktari alisema tuviache. Kwa hiyo kila Jumapili mchana nakaa kwenye ngazi na kibanio, namgeuza sikio kwa sikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, nachomoa mmoja mmoja na kumtumbukiza kwenye kikopo cha spiriti. Watoto wa mtaani wanakuja kuhesabu. Rekodi yetu ni thelathini na moja.

Na kama mtu hawezi? Asimwanze. Nalisema hili najua litanipatia matusi. Kama nyumba yako haina mtu wa saa moja, au mshahara wako haufiki tarehe ishirini, kumwanzishia mbwa dawa ya kifafa na kuikatisha kila mwisho wa mwezi kunaweza kumdhuru kuliko kutomwanza. Kumwomba daktari amlalishe kwa sindano, akiwa mikononi mwako, si dhambi. Dhambi ni kwenda kumtupa usiku kando ya barabara kuu na kusema amepotea.

Bosi ana miaka saba sasa, mweupe kidevuni, mnene kiunoni kwa sababu ya ile njaa. Mwaka huu ameanguka mara mbili. Kumbukumbu zake ziko kwenye daftari la mama la kliniki: kurasa za mbele presha ya mama, kurasa za nyuma mbwa, na mwandiko ni mmoja. Juzi nililifungua kutafuta tarehe ya kupima ini. Ukurasa wa wiki iliyopita ulikuwa umeandikwa: "Bosi, saa moja, kala na tonge. Mimi, nimesahau, nimemeza saa tatu."