Sambar wa Australia wasitupumbaze

Mwandishi wa makala yenu anasema sambar, aina ya kulungu wakubwa, hawana shida kwa sababu Australia wamejaa tele. Hapo sikubali. Wale ni wageni. Walipelekwa jimbo la Victoria huko Australia miaka ya 1860 na leo wanawindwa kama waharibifu wa misitu. Kwao ni Asia, kuanzia India na Sri Lanka hadi Taiwan na Borneo, na huko ujangili na ukataji misitu umewapunguza hadi IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, ikawatia kwenye kundi la walio hatarini (Vulnerable) mwaka 2008.

Halafu hata picha mliyoweka inapotosha kidogo. Dume yule mkubwa mwenye manyoya mazito shingoni ni wa India au Sri Lanka, ambako wengine hupita kilo 300. Wa Taiwan ni wadogo zaidi na leo wamebaki hasa milimani. Borneo nako kuna aina yao. Kule hifadhi ya Horton Plains, Sri Lanka, wamezoea watu mno, wanasogelea magari wapewe vitafunwa (tabia mbaya ya watalii hiyo). Ukiwaona hao utadhani kweli wapo kibao. Waulize wa Vietnam, mitego ya nyaya imewafanya nini.