Kanisa Linapobaki Goma, Nani Aliulize?

Mei 27, 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba watu wahame sehemu kubwa ya Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo. Tulishika barabara ya Sake pamoja na umati usiohesabika: magodoro kichwani, watoto mgongoni, chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zimejaa masufuria na magunia. Tulifika giza limeshaingia. Mlango wa kwanza kufunguliwa ulikuwa wa kanisa. Mchungaji wa pale, ambaye hatukuwahi kuonana naye, alikuwa ameshasogeza mabenchi ukutani na kutandika mikeka. Kijana wake alishika daftari la shule, akaandika jina la mkubwa wa nyumba, idadi ya watu na mtaa waliotoka. Dini hakuuliza. Asubuhi kina mama wa kanisa walikuja na uji kwenye ndoo. Gari la shirika la misaada lilipofika, siku kadhaa baadaye, wagawaji walianza kazi kwa daftari lile lile.

Nimelikumbuka daftari hilo kwa sababu ya ubishi ambao haukauki hapa kwetu: je, kazi ya kuwahudumia wakimbizi na majeruhi iongozwe na watu wa kanisa, au iachiwe wataalamu wa misaada wasiovaa kola wala msalaba? Wengi huubeba ubishi huu kama jambo la imani. Mimi naona fundo lake liko kwenye daftari. Nani analiandika, nani analitunza, nani anaruhusiwa kulifungua.

Wanaotaka kanisa liongoze wana ushahidi mzito, na ninauheshimu. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafunga milango, na wageni wengi wa mashirika waliondoka. Majeruhi walipelekwa wapi? Walipelekwa CBCA Ndosho, hospitali ya Wabatisti. Walipelekwa hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa mwaka 2000 na daktari Kasereka Jo Lusi na mke wake Lyn, watu wa sala na kazi, na ambayo haikufungwa Lyn alipofariki mwaka 2012. Vitanda havikutosha, lakini milango haikufungwa. Ukivuka ziwa hadi Bukavu unakuta habari ileile. Daktari Denis Mukwege alikuwa akiongoza hospitali ya Lemera iliposhambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanza upya Panzi, chini ya jumuiya ya Kipentekoste ya CEPAC, kwa msaada wa Wapentekoste wa Sweden. Nobeli ya Amani ilikuja mwaka 2018. Huwezi kumwambia mtu wa Kivu kwamba kanisa halina ujuzi wa kazi hii.

Kuna na suala la fedha. Januari 20, 2025, wiki moja kabla ya Goma kuanguka, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai 1 USAID yenyewe, shirika la misaada la serikali hiyo, ilikuwa imefungwa. Hakuna nchi iliyokuwa ikiweka fedha nyingi kuliko Marekani katika misaada ya dharura ya Kongo. Sadaka ya parokia za Goma haiwezi kuziba pengo hilo hata kwa wiki moja, na anayesema inaweza hajawahi kuhesabu kapu la Jumapili. Lakini ilibaki ikitolewa. Tena mwaka 2016, kwenye mkutano wa misaada ya kibinadamu huko Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za dharura zitakwenda moja kwa moja kwa wenyeji. Lengo hilo halikufikiwa. Kwa hiyo mchungaji wa hapa huachiwa kubeba magunia, huku maamuzi yakifanywa na watu wasiojua mtaa wa Ndosho uko upande gani wa Mugunga. Hata yale mashirika makubwa ya Kikristo yameumbwa hivyo. World Vision ilianzishwa na Bob Pierce mwaka 1950, Samaritan's Purse na huyohuyo mwaka 1970. Mizizi ya yote mawili iko Marekani.

Sasa upande wa pili, na hapa sitaki kupita haraka.

Mwaka 2023 nilisaidia kuandika orodha kwenye kambi moja magharibi ya mji. Ugawaji ulifanyika uani pa kanisa ambalo sitalitaja. Mama mmoja aliyetoka Kitchanga, Mwislamu, amejifunga mtandio wa kijani, alikuja siku tatu mfululizo kuomba jetoni, kile kibati cha kupokelea msaada. Kila siku aliambiwa arudi kesho. Siku ya tatu niliona kwenye daftari majina manne ya wanakwaya ninaowajua, watu wenye nyumba zao mjini, ambao hawakuwahi kulala chini ya bashi, turubai la kambini, hata usiku mmoja. Kabla ya kufungua magunia tuliimba na kuomba karibu nusu saa, yule mama amesimama juani, mikono ameiweka kifuani, hajui kama akiondoka atahesabiwa kuwa amekataa. Siku hiyo nilinyamaza. Mwandishi wa orodha alikuwa mzee wa kanisa aliyenifundisha katekisimu, ningeanzia wapi?

Wanaopinga uongozi wa kanisa wanasema hilo si ajali, ni desturi. Chakula kikipitia mikono ya dhehebu, watu wa dhehebu watakula kwanza. Wanaongeza suala la ajira. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba World Vision ina haki ya kuajiri kwa kigezo cha imani. Huko Marekani pengine ni jambo la kisheria tu, kwa kuwa ajira nyingine zipo. Goma, ambako kazi ya shirika ndiyo inayolipa karo za watoto wa ukoo mzima, barua ya mchungaji ikiwekwa kama sharti inageuka kuwa mlango. Nimeona vijana wakibadilisha kanisa miezi miwili kabla ya kuomba kazi. Siwalaumu. Ila imani inayopatikana kwa njia hiyo haimsaidii Mungu wala kisima kinachotakiwa kuchimbwa.

Na wanaotetea kanisa wasijibu kwamba sheria ya kutochanganya mkate na mahubiri imeletwa na wasioamini. Kanuni ya mwenendo ya mwaka 1994, inayokataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa siasa au wa dini, ilitungwa na Msalaba Mwekundu kwa kushauriana na Caritas, Shirikisho la Walutheri la Dunia na Baraza la Makanisa la Dunia, miongoni mwa wengine. Makanisa yalikuwa mezani. Ni neno letu wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1994 ndio uliotuachia funzo ambalo bado hatujalimaliza. Julai ile, kwa siku chache, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka kuingia Goma. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Waliokuwepo wanakumbuka miili imefungwa mikeka kando ya barabara, kwenye ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika. Kambi zikajengwa Kibumba, Katale, Mugunga. Lakini waliofanya mauaji ya kimbari ya Rwanda walikuwa ndani ya kambi hizo, na walizitawala kwa njia rahisi sana: walishika orodha. Mabwana wakubwa wa wilaya za kule walikotoka ndio waliohesabu watu, wakaongeza majina, wakapokea chakula, wakagawa wapendavyo. Novemba 1994, tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha wauaji. Mashirika mengi, ya kanisa na yasiyo ya kanisa, yalibaki, yakisema mtoto wa kambini hakumuua mtu. Miaka miwili baadaye vita vilifika Bukavu. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa, aliyekuwa ametetea wananchi wake na wakimbizi pia, hakukimbia. Aliuawa Oktoba 29, 1996.

Moyo wangu uko na Munzihirwa, siwezi kuficha. Hata hivyo sikubali kwamba waliobaki wote walikuwa sahihi kwa kuwa tu walibaki. Walioondoka waliona jambo la kweli: orodha isiyoweza kukaguliwa inakuwa silaha, hata kama anayeleta magunia ana moyo safi.

Wengine watasema basi, tuwape wataalamu, mambo yatanyooka. Hilo nalo Kivu imelijaribu. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wanawake walilazimishwa ngono ili wapate kazi. Tume huru iliyotoa ripoti mwaka 2021 ilitaja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa waliajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Vitambulisho vyenye nembo, mafunzo ya hotelini, sera za kurasa mia havikuwalinda wanawake hao. Lakini tazama kilichofuata: tume iliundwa, ilihoji watu, ilichapisha. Ilichelewa, na wengi hawakupata haki, lakini kulikuwa na mahali pa kuuliza.

Kwa mchungaji wetu mahali hapo hapapo. Mkurugenzi wa shirika la nje anahojiwa na makao yake makuu, na mkataba wake ukiisha anapanda ndege. Mwakilishi wa kisheria, yaani mkuu wa jumuiya ya kanisa, hukaa kitini miaka mingi, na tunazijua jumuiya zilizogawanyika kwa kugombea kiti hicho. Ndiye aliyefungisha ndoa yako, aliyembatiza mtoto wako, atakayemzika mama yako. Ukimwuliza habari ya magunia unaambiwa unamgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Kubaki kwake, kitu kinachomfanya awe kiongozi bora wa kazi hii, ndiko kunakomkinga na swali. Kwa hiyo nasema kanisa liongoze, na fedha zilifikie moja kwa moja, kwa sharti moja ambalo wafadhili na waumini wasilisamehe: daftari liwe wazi kwa wale walioandikwa ndani yake na kwa wale walioachwa nje. Ukaguzi wa mhasibu wa Kinshasa haunitoshi, kwa sababu risiti zitakuwa sahihi, huku yule mama wa Kitchanga akibaki bila jetoni.

Hospitali ya Ndosho inaonyesha kwamba inawezekana. Nyumba ni ya Wabatisti, wauguzi ni wa hapa, na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umeleta wapasuaji wake na kanuni yake ya kutouliza mtu alipigana upande gani. Anayetaka kuomba kando ya kitanda anaomba. Hakuna aliyechelewesha upasuaji kwa ajili ya wimbo.

Na iko parokia moja ndogo, kaskazini mwa mji, ambako majina hubandikwa kwenye ukuta wa nje siku mbili kabla ya ugawaji, kwa maandishi makubwa. Jumamosi alasiri mchungaji huleta kiti chake na kalamu nyekundu, akakaa chini ya karatasi. Nilikuwepo siku moja mama mmoja muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, alipotua beseni lake, akasoma taratibu kwa kidole, akasimama kwenye jina la kumi na kitu.

"Pasta, huyu alisharudi Rutshuru tangu mwezi ule wa mvua. Na mjane wa hapa nyuma ya choo cha shule simuoni."

Mchungaji alimwuliza jina la mjane, akainuka, akafuta moja na kuandika lingine. Kisha akarudi kukaa, kwa maana nyuma ya yule mama walikuwa wamejipanga wengine saba.