Chaja Itoe Ushahidi, Si Risiti Tu

Jioni moja nilimsindikiza mdogo wangu kuchaji bajaji yake ya umeme katika kituo kimoja hapa Arusha. Skrini ya chaja ilionyesha uniti 5.2, lakini ujumbe mfupi ulioingia kwenye simu yake ulisema 6.8, na pesa zikakatwa kwa hesabu ya ujumbe. Tulipouliza, kijana wa kituo alijibu kwa upole, "Kaka, mfumo ndio umesoma hivyo." Sikuona nia mbaya kwake. Mtandao ulikuwa umekatika katikati ya kuchaji, na hakuna aliyeweza kutuonyesha zile uniti 1.6 zilikotoka.

Tangu siku hiyo nimeshikilia dai moja: chaja yoyote inayouza umeme itoe rekodi iliyotiwa sahihi ya kidijitali na mita yenyewe, ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki bila kumtegemea muuzaji. Sahihi hiyo ni alama ya kihesabu inayoonyesha kwamba rekodi imetoka kwenye mita ile na haijabadilishwa.

Jambo hili si geni kwetu kama linavyosikika. Tarakimu 20 za tokeni ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, hubeba kiasi cha umeme kilichofichwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja, ndiyo maana tokeni ya jirani haikubaliki kwenye mita yako na tokeni iliyokwisha kutumika haiingii tena. Mwaka 2024 wengi wetu tuliingiza makundi matatu ya tarakimu kabla ya Novemba 24, kwa kuwa hesabu ya muda ya mfumo huo, iliyoanzia mwaka 1993, ilikuwa inafikia ukomo. Makundi mawili ya kwanza yalibadilisha ufunguo ndani ya mita, na la tatu ndilo lililokuwa na umeme. Nchi nzima ilibadilisha funguo za siri kwa kubonyeza vitufe sebuleni, na kwangu hilo ni jambo la kujivunia.

Hata hivyo, ulinzi wa LUKU una mpaka wake. Siri inayotengeneza tokeni ndiyo hiyo hiyo inayoifungua, kwa hiyo wanaoweza kuihakiki ni muuzaji na mita peke yao. Hilo linatosha pale unapolipa kwanza na kutumia baadaye. Kwenye chaja, ambako kiasi hujulikana baada ya umeme kuingia kwenye betri, mwenye haja ya kuhakiki ni mnunuzi. Hapo zinahitajika funguo mbili zinazokwenda pamoja, wazo ambalo Whitfield Diffie na Martin Hellman walilichapisha mwaka 1976: ufunguo wa siri hubaki ndani ya mita na kutia sahihi, na wa wazi hubandikwa juu ya chaja ili yeyote aweze kuipima sahihi hiyo. Tarakimu moja ikibadilishwa njiani, sahihi inakataa. Ujerumani sheria ya vipimo tayari inamtaka mwenye kituo ampe mteja njia ya kuhakiki usomaji wa mita.

Nimeambiwa kwamba madereva wetu wengi wanatumia simu ndogo za kitochi, hivyo haya ni mambo ya wenye simu kubwa. Sikubaliani. Sahihi ya aina inayotumika sana leo ni baiti 64, ambazo zikiandikwa kwa herufi za kawaida huwa takriban 88, na ujumbe mfupi una nafasi ya herufi 160. Zinabaki 72 za namba ya mita, muda, uniti na namba ya mfuatano inayoonyesha kama kuna rekodi iliyorukwa. Dereva anautunza ujumbe wake, na mgogoro ukitokea, mwenzake mmoja kijiweni mwenye simu janja anauhakiki. Programu ya kazi hiyo inaweza kuandikwa na wanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha, au wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru.

Sahihi hiyo, ni kweli, haithibitishi kwamba mita inapima sawasawa. Mita mbovu itatia sahihi kipimo kibovu. Kwa hiyo Wakala wa Vipimo bado anahitajika, kama anavyohitajika kwenye pampu za mafuta. Tofauti ni kwamba chaja inaweza kubadilishiwa programu kutoka mbali bila lakiri ya nje kuguswa. Toleo la 1.6 la OCPP, lugha ambayo chaja huzungumza na seva, yaani kompyuta kuu inayoziendesha, lilitoka mwaka 2015 likiruhusu chaja kuelekezwa mahali pa kupakua programu mpya bila kulazimisha programu hiyo iwe na sahihi ya mtengenezaji wake. Ulinzi huo uliongezwa baadaye, na umo ndani ya toleo la 2.0.1 la mwaka 2020. Februari 2022 chaja za barabara ya M11, kati ya Moscow na Saint Petersburg, zilizimwa na skrini zake zikaonyesha maneno ya kumtukana Putin. Kampuni iliyozimiliki ilisema msambazaji wa vifaa kutoka Ukraine alikuwa amebakiza mlango wa siri wa kuziingilia. Yeyote mwenye njia ya kuizima chaja kwa namna hiyo anaweza pia kuibadilishia hesabu.

Vituo vya Arusha na Moshi bado ni vichache, na wanaoagiza chaja wanaandika mikataba yao sasa. Waandike humo kwamba mita itie sahihi yenyewe, kwamba chaja ikatae programu isiyo na sahihi, na kwamba ufunguo wa wazi ubandikwe pale dereva anaposimama. Wakichelewa, mita isiyo na sehemu ya kutunzia ufunguo wa siri italazimika kung'olewa na kununuliwa nyingine.