Mchanga unataka tairi laini, mawe yanataka gumu: tuchague lipi kwa njia za Marsabit?

Ukitoka Laisamis, kaskazini mwa Kenya, kwa baiskeli kuelekea South Horr na Loiyangalani, ukaiacha barabara kubwa na kufuata vijia vya ngamia, utavuka lagha baada ya lagha, yaani mito mikavu ya msimu. Chini ni mchanga mlaini unaomeza tairi. Ukipanda ukingo wa pili, kabla hujavuta pumzi, uko juu ya mawe meusi ya volkano, mengine yana makali ya kisu. Na kila penye kivuli cha mgunga pana miiba. Ndiyo maana mabishano ya matairi kwa wanaopenda njia hizi hayaishi, na kila upande una hoja yenye uzito.

Mchanga unataka upepo mdogo. Ukipunguza upepo, sehemu ya tairi inayogusa ardhi hurefuka, uzito wako husambaa, na gurudumu hupita juu badala ya kuchimba. Mawe yanataka kinyume chake. Tairi lenye upepo mdogo likigonga jiwe hubonyea mpaka jiwe na rimu vikakutana, na tyubu iliyobanwa katikati hutoboka matundu mawili yanayotazamana, kama iliyoumwa na nyoka. Wala huwezi kushuka kila baada ya dakika kumi, mara utoe upepo, mara upampu. Lazima upate tairi litakalovumilia yote mawili.

Hapo wengi huanza kuulizia kashata, yale meno ya mpira juu ya tairi. Mimi kashata naziweka mwisho. Kwenye mchanga mkavu kashata ndefu huchimba tu, na kwenye mwamba mpira wenyewe ndio unaoshika. Kashata fupi zilizokaribiana katikati, na zilizo imara kidogo pembeni kwa ajili ya changarawe za kwenye kona, zinatosha. Mambo makubwa ni upana, ubavu wa tairi, na kama ndani mna tyubu au hamna.

Tuanze na upana. Wapo wanaosema jangwa ni la matairi manono ya inchi 4, na historia iko upande wao: miongoni mwa waliobuni matairi hayo ni mafundi wa New Mexico, Marekani, waliotaka kupita kwenye mchanga wa mito mikavu inayofanana sana na lagha zetu. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ilipoanza kuuza baiskeli yake ya Pugsley, watu wa kawaida nao wakayapata. Kwenye mchanga mtupu tairi hilo halina mpinzani. Lakini huku mchanga mtupu ni mita mia, kisha ni kilomita kadhaa za mawe, na tairi nono juu ya mawe hudunda kama mpira wa miguu. Tena ni zito, na linataka fremu yake maalumu. Kwa hiyo nasimama na wale wa katikati: inchi 2.6 mbele, 2.4 nyuma. Gurudumu la mbele ndilo linalozama na kukupotezea usukani, basi lipewe upana zaidi. Ila pima fremu na uma unaoshika gurudumu la mbele kwanza. Baiskeli nyingi za bei nafuu hazina nafasi ya kuzidi inchi 2.25, na tairi linalosugua fremu kwenye vumbi lile huila rangi, kisha likaila fremu yenyewe.

Ubavu wa tairi ndipo watu wanapokosea kwa kuangalia mizani. Tairi jepesi la mashindano lina kama gramu 700. Lenye ubavu ulioimarishwa hukaribia kilo moja au kuizidi. Anayetetea wepesi ana haki: uzito wa ukingoni mwa gurudumu unausikia kila unapoongeza mwendo, na siku nzima ya jua kali miguu inajua tofauti hiyo. Lakini mawe ya karibu na Mlima Kulal hayatoboi, yanachana. Mchano wa sentimita mbili ubavuni hauzibwi na dawa yoyote. Utashona kwa uzi wa nailoni na kuweka kipande cha tairi kuukuu ndani, huku maji ya kunywa yakipungua. Ningekubali uzito huo bila kunung'unika, hasa gurudumu la nyuma.

Sasa tyubu. Tairi la tyubulesi, lenye maji ya mpira ndani badala ya tyubu, huziba tundu la mwiba lenyewe kabla hujajua limetobolewa. Halina cha kubanwa na rimu, hivyo unaweza kushusha upepo. Mimi nina kilo 74 na mzigo wa kilo 12, naenda na PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 20 mbele na 24 nyuma. Napima asubuhi penye baridi, kwa sababu upepo wa PSI 22 uliojazwa kwenye nyuzi 20 utafika kama 25 joto la tairi likifika nyuzi 45. Na kuna mbigili. Mbigili huu huu uliotoka pande zetu za dunia ulifika Marekani, na waendesha baiskeli wa Arizona wanaulaani kama sisi. Gurudumu moja likipita penye mbigili hutoka na miiba kumi. Kwa mwenye tyubu hayo ni matundu kumi.

Nilimweleza haya fundi mmoja mzee kule Laisamis, nikiwa na uhakika kabisa. Alikuwa anabandika kiraka kwenye tyubu ya baiskeli ya Black Mamba iliyobeba mitungi ya maji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kijana, hayo maji yako yakikauka ukiwa Kargi, utayanunua duka gani?" Sikuwa na jibu, na hoja yake bado ninaiheshimu. Maji yale hukauka, na kwa joto la huku miezi miwili ni mingi; ukifungua tairi unakuta utando kama wa maziwa yaliyopoa. Kurudisha tairi kwenye rimu kunataka upepo wa ghafla ambao pampu ya mkono mara nyingi haiwezi kuutoa. Yeye na solesheni yake, gundi ya viraka, na kipande cha tyubu ya zamani anafanya kazi siku yoyote. Mtu anayeishi huku na kuendesha kila siku, tena kwa tairi la inchi 26 au 28 linalopatikana sokoni, abaki na tyubu nzito. Anayekuja kwa siku nne au tano na baiskeli ya inchi 29, aje na tyubulesi, aongeze maji mapya wiki moja kabla ya safari, mililita 100 hivi kila gurudumu, na achukue tyubu mbili za akiba.

Hizo tyubu za akiba zina jambo ambalo wapenzi wa tyubulesi hawalisemi. Siku tairi langu lilipochanika njiani kwenda Loiyangalani, nililishona, nikatia tyubu mpya, nikapampu. Haikumaliza dakika mbili. Nikalifungua tena, nikapitisha kidole ndani polepole: miiba ilikuwa imekaa humo siku tatu, ncha zimetokeza, maji yakiizibia siri. Niling'oa kumi na saba kwa koleo, mmoja mmoja, jua likiwa utosini, ndipo tyubu ya pili ikakaa.