Niliwahi kwa Saa Tano, Nikachelewa

Ugonjwa ulianzia kwenye daftari. Mwanafunzi wa kubadilishana akifika Ujerumani hukabidhiwa mzigo wa karatasi: mkataba wa masomo wenye saini tatu, yake, ya chuo alikotoka na ya chuo kilichompokea, ratiba, orodha ya moduli za kumfikisha kwenye pointi 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima mzigo wa masomo, kwa muhula. Zote nilizipanga kwenye faili. Siku 14 za kuhamia hazijaisha, nilikuwa nimeshaandikisha anwani yangu mjini kama sheria yao inavyotaka. Jambo moja tu sikuliandikisha popote: kwamba mimi saa naihesabu tangu kunapokucha, na wenyeji wangu wanaihesabu tangu usiku wa manane.

Nilikuwa katika mji mmoja wa jimbo la Saxony, mashariki, muhula wa baridi, ambao kwenye vyuo vikuu vya huko huanza rasmi tarehe 1 Oktoba na kuisha 31 Machi. Naitaja Saxony kwa sababu ningekuwa Hamburg, nusu ya aibu hii isingenipata.

Saa za Kijerumani zina mitego mitatu. Wa kwanza unaitwa halb, yaani nusu. Mtu akikwambia halb acht, masikio yanasikia nusu na nane, na wewe unajituliza kwamba ni 08:30. Sivyo. Ni 07:30: ile saa ya nane ndiyo kwanza imefika nusu kujaa. Wao saa wanaiona kama ndoo chini ya bomba, wanakutajia ndoo inayojazwa sasa hivi, si ile iliyokwisha kujaa. Hili nililijua siku ya kwanza tu, mtunza jengo la hosteli aliponiambia nifuate ufunguo halb acht. Nilifika 08:25 jioni nikitabasamu kwa kuwahi. Usiku ule nililala sakafuni kwa Muethiopia wa ghorofa ya tatu, na yeye wiki moja kabla alikuwa amelala sakafuni kwa mtu mwingine kwa kosa la aina hiyo hiyo. Kwao nao saa huhesabiwa kama kwetu.

Mtego wa pili ni herufi mbili kwenye ratiba: c.t. Ni Kilatini, cum tempore, pamoja na muda. Kipindi kilichoandikwa 9 c.t. huanza 09:15. Kikiandikwa s.t., sine tempore, kinaanza kamili, na ukiingia 09:05 utapita mbele ya macho arobaini ukitafuta kiti. Tulipoelezwa siku ya kukaribishwa, nilifurahi kuliko wote ukumbini. Watu waliohalalisha robo saa ya kuchelewa na kuitilia Kilatini! Nikajiona nimefika nyumbani.

Wa tatu hatukuelezwa, labda kwa sababu waliozaliwa ndani ya mtego, yaani watu wa Saxony na si wa Hamburg, hawauoni.

Desemba nilikuwa na wasilisho la kikundi, sisi watatu: Mjerumani wa hapo hapo, Muitalia na mimi. Dakika 30, kila mtu 10, yangu ni slaidi ya 9 hadi ya 16. Lilikuwa na alama, na alama za kule ziko kichwa chini: 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 umepona kwa tundu la sindano, 5.0 umeanguka. Usipotokea bila cheti cha daktari, kwa kawaida unaandikiwa hiyo 5.0. Alhamisi jioni yule Mjerumani akasema tukutane darasani kesho viertel zehn.

Viertel ni robo. Zehn ni kumi. Sasa ndugu msomaji, kwa kuwa umeshaambiwa habari za ndoo, wewe umeshajua: robo ya ndoo ya kumi, yaani 09:15. Mimi nilidhani ule mchezo wa ndoo ni wa nusu peke yake. Nikasikia kumi na robo, 10:15. Nikaigeuza kichwani, nikaandika kwenye daftari: Ijumaa, saa 4:15. Kuamka saa 3:15.

Usiku, macho yameshaanza kujaa mchanga, nikafungua daftari, nikachukua simu, nikatega kengele kama ilivyoandikwa. 3:15.

Simu haijui Kiswahili.

Iliponiamsha nilitazama kioo: 03:15. Nikatazama daftari: 3:15. Mashahidi wawili wamekubaliana, kesi imekwisha. Giza la dirishani halikunishtua hata kidogo, kwani Desemba kule jua huchomoza karibu na saa 2 asubuhi na kuzama karibu na saa 10 jioni. Mtu ukikaa huko miezi miwili unaacha kuliuliza dirisha habari za saa. Nikaoga, nikapiga pasi shati, nikavaa soksi jozi mbili, nikatoka. Nje nyuzi 6 chini ya sifuri.

Tramu haikuja. Likaja basi lenye N mbele ya namba yake. N hiyo ni ya Nacht, usiku, lakini asubuhi ile sikuwa na haja ya tafsiri. Ndani kumejaa wanafunzi, wanaimba, mmoja ameshika chupa, mwingine amelala begani kwa mtu asiyemfahamu. Nikawatazama kwa heshima. Nikasema moyoni, hawa ndio maana wameendelea: saa tatu na nusu asubuhi, na wanakwenda darasani kwa nyimbo. Mmoja akanyoosha kidole kwenye tai yangu akacheka mpaka akakohoa. Nikampungia mkono.

Saa yangu ilisoma 04:15 nilipofika mlangoni. Nne na robo, kwa dakika kamili. Mlango umefungwa. Nikausukuma, nikauvuta, nikasoma bango lote, nikazunguka nyuma ambako kuna maegesho ya baiskeli, sikukuta hata moja. Nikangoja robo saa, maana nina c.t. yangu. Kisha nikafanya kile anachofanya mtu mzima mwenye akili akishindwa na mlango Ulaya: nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uko macho?"

"Niko chuoni mama, saa nne na nusu asubuhi hii, wamefunga mlango."

Kimya. Nasikia kuku nyuma yake, na mtu anafagia uwanja.

"Mwanangu, hapa kwetu saa ngapi?"

"Sijui mama."

"Kumi na mbili na nusu. Ndiyo kwanza kumekucha. Na ulisema kipindi cha baridi ninyi mko nyuma yetu kwa saa mbili?"

"Ndiyo mama."

"Basi toa mbili."

Nikatoa. Kumi na nusu. Alfajiri. Nikageuka kutazama barabara, na kwa mbali nikasikia wale wenye bidii ya masomo wakishuka kwenye basi lao, mmoja anatapika.

"Rudi ukalale," akasema mama. Simu ikazimika. Ilikuwa na asilimia 30, lakini betri za lithiamu zikipigwa na baridi kali hushuka nguvu ghafla na simu hujifia ikiwa na chaji ndani.

Sikurudi. Basi linalofuata lilikuwa baada ya saa nzima. Nikaingia kwenye kijumba cha mashine za kutolea pesa, ambacho usiku hufunguka ukitelezesha kadi mlangoni, nikakaa sakafuni na tai yangu kama meneja aliyefukuzwa kazi. Maktaba ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza ndani. Nikachomeka simu, nikaizima sauti kwa adabu ya mahali, nikajisemea: wasilisho ni 10:15, na ratiba ina c.t., kwa hiyo kweli kweli ni 10:30. Ile robo niliyoihesabu kichwani ilikuwa tayari ndiyo robo ya c.t., lakini mtu aliyeamka saa tisa za usiku hagawanyi robo. Nikalala juu ya meza.

Ilipofika 10:28 kwa saa yao, nikafungua mlango wa darasa, mgongo umenyooka. Wakati ule ule darasa zima likaanza kugonga meza kwa ngumi. Watu arobaini, du du du du, wote wamegeukia upande wangu kwa kuwa mlango uko karibu na ubao. Nikainua mikono. "Samahani, samahani," kwa Kiswahili, nikirudi kinyumenyume hadi kiti kikanikata magoti.

Kugonga meza ndiyo makofi yao, ukumbini chuoni kwa kawaida hawapigi viganja. Walikuwa wanawapongeza wenzangu waliokuwa wamemaliza, pamoja na slaidi yangu ya 9 hadi ya 16.

Hizo alikuwa amezisoma Muitalia. Faili lilikuwa la pamoja, na chini ya kila slaidi niliacha maelezo yangu binafsi ya kunikumbusha, kwa Kiswahili. Yeye katika haraka akadhani ni istilahi za mada. Irabu zao na zetu zinakaribiana sana, hivyo akatamka safi kama mtangazaji: "Hapa tabasamu." Slaidi ya 12: "Pumua. Usimwangalie yule wa mbele." Darasa likaandika.

Simu ilikuwa na miito 11 isiyopokelewa.

Profesa alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipofika kwenye habari za basi akavua miwani akafuta macho. Hakuniandikia 5.0. Akasema sehemu yangu niwasilishe peke yangu Ijumaa inayofuata, halb zehn. Nikamwomba aandike kwa tarakimu. Akaandika 09:30, akapigia mstari mara mbili. Halafu akauliza, kwa uzito wa kitaaluma, neno tabasamu lina maana gani kwenye nadharia yetu.

Nje ya mlango nikatoa daftari ili nisisahau. Nikaandika: Ijumaa, saa 3:30. Nikaupiga picha ukurasa ule, nikamtumia mama aone kwamba mambo yameisha salama.

Jibu lilikuja kabla sijafika kwenye ngazi: "Usitege chochote. Siku hiyo saa nne ya huku nitakupigia mwenyewe."

Nikahesabu kwa vidole. Saa nne ya kwake ni saa mbili ya kwangu. Kwa simu yangu ni 08:00. Nikarudia mara ya pili, kwa kuanzia kidole gumba.