Vitanda Viwili vya Kamba

Kosa langu la kwanza lilikuwa simu. Mwindaji mwenye akili huingia porini kimya, akirudi na kitu ndipo anasema. Mimi nilitangaza tangu Ijumaa. Mke wangu nilimwambia asitoe kuku kwenye friza, kesho kitoweo kinakuja. Mama yangu, Muheza, nikampigia kumuaga kama mtu anayekwenda Hija.

"Sungura?" akauliza. "Kwani kuku wameisha huko Marekani?"

Kuku hawakuwa wameisha. Kilichoisha ni hela. Tunaishi Lewiston, jimbo la Maine, na huku nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta. Ikifika Januari unaweza kukaa sebuleni ukasikia mshahara wako unaungua ndani ya tanuru kule chini. Ndugu yangu mmoja wa Uvira, Kongo, tunayefanya naye zamu ya usiku, aliniona nimeinamia bili akanihurumia. "Ndugu, kule porini kuko nyama ya bure. Unanunua risasi tu." Yeye kila mwaka huenda na mzee mmoja wa Kizungu, jirani yake, mwenye bunduki mbili na mbwa mfupi wa masikio marefu. Sheria inaruhusu, kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Machi, sungura wanne kwa mtu kwa siku, isipokuwa Jumapili, maana Jumapili Maine hawindwi mnyama yeyote. Kozi ya usalama wa bunduki nilishaipita, na cheti nilikuwa natembea nacho pochini.

Usiku ule nikamuuliza ndugu wa Uvira kesho kutakuwa na baridi kiasi gani. "Sifuri," akasema. Nikafurahi. Sifuri naijua, ndipo maji yanapoganda. Sweta na koti vinatosha. Kumbe sifuri yake ilikuwa ya Fahrenheit, ya Wamarekani, ambayo kwa vipimo tulivyofundishwa shule ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Ndiyo baridi ya friza. Yule kuku niliyemwacha nyumbani na mimi tuliipitisha Jumamosi ile katika hali moja.

Tulipofika, mzee akafungua buti la gari akanipa viatu vya theluji. Viatu ni jina tu. Ni mbao nyembamba zilizopindwa kama tone la maji, urefu unafika kiunoni, na katikati zimesukwa kwa ukanda wa ngozi mbichi, na nyuma kila kimoja kina mkia. Aliyelala kitanda cha kamba ataelewa: nilifungwa vitanda viwili, kimoja kila mguu. Kazi yake ni kutandaza uzito wako juu ya theluji usizame. Vidole vinafungwa, kisigino kinaachwa huru, na unatakiwa kutembea umetanua miguu ili kitanda cha kulia kisikanyage cha kushoto. Nilitembea kama kijana aliyetoka jandoni juzi. Nilianguka mara mbili kabla hatujaliacha gari nyuma, na mara zote mbili nilisema nilikuwa nafunga kamba.

Sungura wa huku havihitaji vitu hivyo, kazaliwa navyo. Miguu yake ya nyuma ni mikubwa kupita kiasi, imejaa manyoya hadi chini ya wayo, anapita juu ya theluji laini kama mtu anayepita msikitini. Kiangazi ana rangi ya udongo. Siku zikianza kufupika anageuka mweupe, zinabaki ncha za masikio tu, nyeusi. Anachofuata ni urefu wa mchana, siyo theluji, kwa hiyo mwaka ambao theluji imechelewa unamkuta mweupe pepepe juu ya majani makavu, kajificha, anaamini haonekani. Mzee alicheka sana aliponieleza hilo. Sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Mbinu yao ni hii. Mbwa akimwinua sungura, msimfukuze. Sungura huyu hapendi kulihama eneo lake. Atazunguka, akisimama hapa na pale kusikiliza mbwa yuko wapi, mwishowe atarudi karibu na alipoinuliwa. Wewe kaa hapo, usitikisike. Mzee akanionyesha vijiti vilivyokatwa mshazari kama kwa kisu, akasema ni meno ya sungura, hapa ndipo kwake. Akanisimamisha mbele ya misonobari midogo, ile tunayoiita miti ya Krismasi. "Simama hapa. Usirudi nyuma."

Nilidhani anazungumzia ushujaa.

Mbwa alianza kulia mbali, sauti ndefu kama ya mwadhini mwenye mafua. Dakika kumi zikapita, kumi nyingine. Ndevu ziliganda. Vidole vya miguu vilikuwa vimeniaga zamani. Sauti ikaanza kukaribia, nikaona nimesimama wazi mno, nikajisogeza hatua moja nyuma ili mti unikinge.

Viatu vya theluji havina gia ya kurudi nyuma. Ukirudi, ule mkia unajichimbia chini kama jembe, mguu unabaki pale, mwili unaendelea na safari. Nilikwenda chali. Na msonobari mdogo una siri yake: matawi ya chini huzuia theluji isijae, kwa hiyo pembeni ya shina panakuwa na shimo, limefunikwa juu kwa theluji nyepesi, huwezi kulijua. Nikadumbukia hadi kwapani. Vitanda vyangu vikanasa chini ya matawi, kila nikivuta mguu mti mzima unatikisika na kunimwagia theluji ya juu, shingoni.

Nikapangusa macho. Sungura alikuwa mbele yangu, kama hatua nne.

Alikuwa amekaa. Hakukimbia, hakushtuka. Bunduki ilikuwa kando yangu, mkono unaifikia, ila mtutu ulikuwa umechota theluji hadi kujaa kama koni ya aiskrimu. Mwalimu wetu wa kozi alirudia jambo moja hadi tukachoka: ukifyatua mtutu ulioziba kwa theluji au tope, unaweza kukupasukia usoni. Nikamtazama sungura, akanitazama. Nikajisemea, sizitaki mbichi hizi. Hapo hapo nikakumbuka kwamba hayo ni maneno yake yeye. Akajikuna sikio, akaruka mara tatu akapita karibu na kofia yangu, akaenda zake.

Mbwa hufuata harufu, na harufu ilipita kwangu. Alikuja na kelele zake, pua chini, akafika shimoni, akakuta kichwa. Akasimama akanibwekea kwa furaha ya mbwa aliyemaliza kazi. Nikamwambia, "Toka! Kapita kule!" kwa Kiswahili. Akanilamba uso mzima, kidevu hadi paji.

Ndugu wa Uvira alitokea, nikanyoosha mkono. Yeye akanyoosha simu. "Usitikisike, ndugu. Ngoja nimalize." Mzee alilazimika kukata matawi kwa kisu ndipo nikatoka, na muda wote hakucheka, jambo lililoniuma zaidi.

Mchana ule mzee alipiga wawili. Wa pili marisau yalimpata miguuni, alikuwa bado hai, nikamuwahi na kisu, Bismillahi, nikamchinja. Mzee akasema basi huyo ni wako.

Nyumbani shughuli ikawa nyingine. Mate ya mbwa usoni, na sisi watu wa Shafii tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo Maine mwezi wa kwanza? Upo, chini ya theluji, mgumu kama sakafu ya benki. Ikabidi nichote kwenye chungu cha mchaichai cha mke wangu, pale dirishani. Alinikuta bafuni nimejipaka tope usoni.

"Baba watoto, umempiga wewe?"

"Nimemchinja mimi mwenyewe."

Ni kweli tupu, na akatosheka. Sungura yule hakufika hata kilo moja na nusu kabla ya kuchunwa. Nyama nyeusi, haina chembe ya mafuta, ngumu. Tulimchemsha kwa muda wa saa tatu, kisha tui la kopo, ndimu, pilipili, na ugali. Alikuwa mtamu, lakini kila mtu alipata vipande viwili. Nilikuwa nimefika mahali pa kuwaeleza watoto jinsi nilivyomvizia, simu ikalia.

Ndugu wa Uvira alikuwa ameitupa video kwenye kundi la watu wa zamu ya usiku. Kutoka hapo sijui ilipita wapi, nikakuta ujumbe wa sauti kutoka Muheza. Mke wangu akaufungua, sauti juu, mezani.

"Mwanangu, nimeiona. Mbwa nimemwona, Mzungu nimemwona. Sasa sungura ndiye yule mwenye kofia?"